Siku Nilipoufanya Mwezi Kuwa Jimbo

Mpaka leo nikimwona mtu wa Muleba wa rika langu pale soko la Bukoba, huwa nainama na kujifanya nachagua nyanya, kwa sababu najua atakachoniuliza: "Mwalimu, lile jimbo lenu la mwezini limefikia wapi?" Basi leo nawasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa na wengine, tena wanaongeza chumvi kana kwamba aibu yangu haikutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi pale Nshambya, na jamani, nilijiona! (Nilikuwa nasahihisha hata matangazo ya posta.) Sasa huko Muleba kikaanguka chuma kutoka angani, cha mviringo, kikubwa kama chungu cha kupikia harusini, kikatua katikati ya migomba ya mtu bila kumuumiza yeyote, na baada ya wiki kadhaa akaja mtaalamu mmoja kutoka India, ametumwa na shirika la kimataifa, kukichukua na kuwaeleza wananchi mataifa yamekubaliana nini kuhusu anga. Mkalimani aliyepangwa akaugua. Ofisa mmoja akanifuata shuleni, akaniuliza, "Mwalimu, Kiingereza cha mambo ya anga utakiweza?" Nikamjibu, "Bila wasiwasi wowote."

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Mgeni alisema mambo mazuri na mimi nikayatafsiri vizuri tu: kwamba nchi kubwa na ndogo zimekubaliana kutopeleka mabomu ya kuangamiza watu huko juu, kwamba kinachoanguka kirudishwe kwa wenyewe, kwamba tukijaza takataka angani wajukuu wetu watashindwa kupatumia. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Halafu akatamka neno moja la Kiingereza, "province", ambalo mimi nililijua kwa maana moja tu, ile ya kwenye ramani za mkoloni, nikaona hailingani na alichokuwa anasema, nikasita kidogo. Ningeweza kumuuliza. Ingenichukua nusu dakika. Lakini uwanja mzima ulikuwa unanitazama, mkuu wa wilaya ananitazama, basi nikatamka kwa sauti ya juu: "Mwezi na anga lote ni jimbo la binadamu wote!"

Makofi hayakusikika.

Akasimama Ta Byabato, mzee mwembamba aliyejulikana kwa kahawa yake safi kuliko zote pale. "Waitu mwalimu," alianza kwa heshima ya Kihaya, "jimbo kama lile Jimbo la Ziwa la wakati wa Waingereza?"

"Ndiyo mzee, kama hilo."

"Jimbo lina watu. Hao wa kukaa huko watatoka wapi?"

Mgeni akanigeukia, anasubiri nimtafsirie swali. Nikamwambia mgeni kwamba mzee anashukuru. (Mungu anisamehe.) Kisha nikamjibu Ta Byabato kwa maneno niliyokuwa nayasikia redioni kila siku: "Wakati ukifika, serikali itatangaza."

Lazima mwelewe, wakati ule habari kutoka wilaya za mbali, za watu kuhamishwa kwa malori, zilikuwa zimetufikia, na Mhaya na kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, mnawajua, humo ndimo alimozikwa babu yake. Mkutano ukavunjika kimyakimya, sisi tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kula ndizi na samaki, na sikufika hata nusu ya sahani nikaanza kusikia kelele. Mama mmoja akapita mbio na godoro kichwani na kuku kwapani, akifuatwa na mwingine aliyekuwa anaita wanawe kwa majina, mmoja mmoja. Mkuu wa wilaya akaweka kijiko chini. "Kuna nini huko nje?"

Mgambo wawili wakaingia uani wakimsukuma Ta Byabato, mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amekata miti kumi na mmoja ya kahawa kabla hawajamnyang'anya panga.

"Kukata kahawa ni hujuma!" mkuu wa wilaya alifoka. "Mpakieni garini, akalale ndani Bukoba."

"Nipeleke," mzee alisema. "Kama ni mwezini nipeleke. Lakini kahawa ya baba yangu simwachii mtu."

Mkewe akaanguka miguuni pa mkuu wa wilaya. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua, baadhi yao na mapanga, na mkuu wa wilaya hakuelewa mwezi umeingiaje katika habari hii. Aliyeelewa pale ni mimi peke yangu. Nikinyamaza hakuna atakayejua, niliwaza, na nitarudi Nshambya na heshima yangu. Gari likawashwa. Mzee akainua mguu apande.

"Mwacheni!" Sikujua sauti ile imetoka wapi. "Kosa ni langu. Neno lile sikulijua."

Mkuu wa wilaya akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. "Hukulijua? Na ulitafsiri?"

Hapo mbele ya wote ndipo nilipomuuliza mgeni, kwa Kiingereza kilichokuwa kinagongana mdomoni, lile neno maana yake ni nini. Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tatu, nami nikageuka nikatafsiri machozi yakinitoka: "Anasema ni jambo linalowahusu watu wote. Hakuna nchi itakayomiliki mwezi. Hakuna atakayehamishwa."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Waliangukiana, wakashikana mabega, hata mgambo. Mzee alifunguliwa, lakini yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea miche kumi na mmoja ya kahawa, nikachimba mashimo mwenyewe mpaka viganja vikatoa malengelenge. Alishika mche mmoja, akaugeuza mkononi.

"Hii itazaa baada ya miaka mitatu, minne," alisema. "Sijui kama nitaivuna."

Akachukua jembe mikononi mwangu, akaendelea kuchimba yeye. "Siku nyingine hujui, sema hujui, mwanangu. Sisi wote pale hatukujua. Tusingekucheka."

Tangu siku hiyo nasema. Darasani, kanisani, ofisini kwa wakubwa, nanyoosha mkono na kusema sijui, na kila mara bado uso unaniwaka.