Salamu Ndani ya Boksi

Gasto Mughwai alikuwa mshambuliaji mwenye kila kitu isipokuwa roho mbaya. Mbio alizipata kwa kukimbiza ndama wa baba yake huko Sepuka, na mguu wake wa kulia ukiupiga mpira, kipa alikuwa anausikia kabla ya kuuona. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alilelewa vizuri.

Mama yake, Yustina, hakuwa na mchezo na adabu. Mtoto wake akimpita mkubwa bila kumwamkia alirudishwa njia nzima, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Na mambo hayakuishia kwenye shikamoo. Mkubwa akikuuliza habari unasimama, unatua ulichobeba, unajibu moja baada ya nyingine mpaka akuachie mwenyewe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Gasto alifunzwa na mamaye mpaka ulimwengu ukakosa kazi.

Alizeti Stars walimsajili akiwa na miaka ishirini na miwili. Msimu wa kwanza alifunga magoli kumi na manne, redio ikamtaja, Sepuka nzima ikavimba kichwa. Msimu wa pili wakakutana na Reli Manyoni, na golini alikuwapo Laurenti, mtu wa Kilimatinde, miaka thelathini na tisa, mvi tayari kidevuni. Timu zilipopeana mikono kabla ya mechi, Gasto aliinama akamwamkia shikamoo. Laurenti akaitikia marahaba, halafu akamtazama kijana yule kwa makini sana.

Dakika ya thelathini Gasto alibaki yeye na kipa tu. Laurenti hakutoka golini wala hakupanua mikono. Alimuuliza kama mvua imenyesha huko kwao. Gasto akasimama, akaukanyaga mpira, akajibu kwamba wanamshukuru Mungu, ila ni manyunyu tu. Beki akaja akauchukua mpira bila haraka.

Uwanjani hakuna siri. Hata mwezi haukuisha, kila beki wa daraja la kwanza akawa mkubwa wa Gasto. Wengine walifuga ndevu. Mmoja, mtoto wa juzi tu, alijipaka unga nyweleni akaingia uwanjani anakohoa. Ikipigwa kona, huyu anauliza habari za mtama, yule anauliza ng'ombe, na Gasto yuko katikati yao anaitikia kwa zamu. Magoli yakakauka.

Kocha Hezekia alijaribu kila dawa. Alimpiga marufuku kusalimia, Gasto akashikwa na homa. Akamtia pamba masikioni. Gasto hakusikia kipyenga cha kuotea, akakimbia na mpira peke yake mpaka wavuni, akashangilia mbele ya jukwaa lililonyamaza, akala kadi. Mwisho kijana alimpigia simu mama yake kuomba apunguziwe adabu, walau kwa dakika tisini. Yustina akamjibu kwamba mpira una mwisho, wakubwa hawana.

Zikafika mechi kumi na tisa bila goli. Hezekia akamwambia waziwazi: ya mwisho ni dhidi ya Reli, asipofunga afungashe virago. Gasto aliogopa kweli. Hakuna kazi nyingine duniani aliyoipenda.

Dakika ya themanini na nane, bado bila kwa bila, wakapata penalti. Wenzake wote wakainama ghafla kufunga kamba za viatu. Kutoka kwenye benchi Hezekia akapiga kelele kwamba apige Gasto, afunge au aage.

"Gasto, Sepuka hamjambo?" Laurenti aliuliza, amesimama kwenye mstari.

"Hatujambo, mzee."

"Mama?"

"Mzima."

"Na ng'ombe?"

"Wapo, tunashukuru."

Mashabiki wakashika vichwa. Refa akatazama saa. Hapo ndipo Gasto aliposhikwa na aibu. Tangu mechi ile ya kwanza mtu mzima anamjulia hali, naye hajawahi kumrudishia hata mara moja. Mama yake angesikia, angemkana.

"Na nyie Kilimatinde hamjambo, mzee?"

"Hatujambo."

"Mama naye?"

Mikono aliyokuwa ameipanua Laurenti ikashuka.

"Mama tulimzika Jumanne."

Hakuwa ameiambia timu yake. Kipa wa miaka thelathini na tisa akiomba ruhusa ya msiba hupewa, ila akirudi anamkuta kijana golini. Gasto aliuacha mpira, akamfuata, akampa pole kwa mikono miwili. Refa akamwonyesha kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo.

Akarudi kwenye mpira. Kumpigia mfiwa mpira wa huruma aliona ni kumdharau, kwa hiyo aliupiga kwa nguvu zake zote, juu kulia. Laurenti naye aliruka kwa nguvu zake zote, akaugusa kwa ncha za vidole, ukaingia.

Uwanja ukalipuka. Wenzake walimtafuta wambebe, hawakumwona. Alikuwa ameketi chini kwenye mstari wa goli, bega kwa bega na Laurenti, kama watu wanavyokaa msibani. Refa alipiga kipyenga mara tatu kumwita, kisha akaja mwenyewe. Gasto akamwomba radhi kwa heshima zote na kumsihi ampe dakika moja. Akapewa njano ya pili, na nyekundu juu yake. Kule kwenye benchi Hezekia alicheka na kulaani kwa zamu, hajui kama amempata mshambuliaji au amempoteza.

"Nenda, umeshatolewa," Laurenti alimwambia.

"Naenda, mzee," Gasto alijibu, lakini hakuinuka, kwa sababu Laurenti alikuwa amevua glovu na kuanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.