Mate ya Mama

Siku moja mama alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akatusimamia mpaka tukaimaliza. Tulicheka. Wiki iliyofuata alitoka kununua nyanya sokoni hapa Tunduma, akaokotwa ng'ambo, Zambia, akiulizia njia ya Isongole, kwao alikozaliwa. Hapo kicheko kilinikauka.

Nikampeleka kwa daktari mmoja aliyekuwa akitafiti ugonjwa wa kusahau. Hatumii sindano, alisema. Ananusisha watu vitu, anapiga picha ndani ya jicho, anapima mate, kwa sababu dalili huweza kuonekana huko mapema, kabla mtu hajapotea kabisa. Mama akanusishwa kahawa, akasema wameiunguza. Akaulizwa ni saa ngapi, akajibu kwa saa ya Zambia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa nzima. Daktari, aliyekuwa mgeni hapa mpakani, akamwekea kosa. Nilibisha mpaka akalifuta. Kwa kipimo kile nusu ya Tunduma ni wagonjwa.

Ikafika zamu ya mate.

"Nimpe mate yangu mtu nisiyemjua?" mama akafoka. "Ili akaniroge?"

Akafumba mdomo, basi. Mimi nilikuwa na njaa, na daktari alikuwa ameinamia makaratasi yake. Nikatema yangu kwenye kichupa cha mama.

Majibu yakaja: mate hayana shida, mama asirudi tena. Akajitapa mtaa mzima kwamba wagonjwa ni sisi. Shangazi akachinja jogoo. Nilikula paja la yule jogoo huku nimejaa aibu na hofu, maana aliyepona ni mimi nisiyeumwa, na mama alikuwa anazidi kupotea bila mtu wa kumtibu.

Kesho yake nikakiri, kwanza kwa daktari, aliyenipa kichupa kingine na maneno makali, kisha kwa mama. Nikangoja kibao.

"Mjinga wewe," akasema. "Si ungekishika kichupa mwenyewe? Mtoto hanyimwi mate."

Nilikuwa nimesahau. Kwao milimani mzazi humbariki mtoto kwa kumtemea mate kwenye paji la uso. Nikakishika kichupa, akatema mpaka kikajaa. Kisha akanivuta kichwa, akanitemea na mimi pajini, akaniombea maisha marefu, akiniita kwa jina la kaka yake tuliyemzika nikiwa darasa la nne.

Nikaitika.