Meko Mawili ya Marietha

Watu wa Unyamuri walikuwa na mwiko mmoja uliowachosha wageni: hawakuhesabu watu. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, alikujibu "wapo", na ukizidi kumbana alikuuliza kama unataka kuwaoa au kuwala. Mtoto aliyehesabiwa, walisema, kifo kimeshaonyeshwa alipo. Kwa hiyo kijiji chao, kilichokaa nyuma ya mawe makubwa mwendo wa nusu siku kutoka Ihanja, kiliishi tangu enzi za mababu bila mtu kujua kina watu kiasi gani, na kikanawiri hivyo hivyo.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ikataka kujua. Alitumwa Bwana Kefa, afisa kijana kutoka wilayani, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akasema mkutanoni kwamba vijiji vidogo vitaunganishwa na vikubwa vya barabarani, na kwamba kwa macho yake Unyamuri ni wachache mno. Lori lingekuja kuwapeleka upande wa Mkiwa.

Mkutanoni alikuwapo Marietha. Alikuwa mjane, mama wa Gaspari aliyekuwa jeshini, na mali yake kubwa duniani ilikuwa nyumba ya tembe aliyoikandika kwa mikono yake, huku marehemu mumewe akimwelekeza kutoka kivulini. Nyumba ile aliipenda kuliko alivyompenda mumewe, na alikuwa akilisema hilo mumewe akiwa hai, anasikia.

Akasimama. "Bwana Kefa, sisi ni wengi sana. Umetukuta tumetawanyika, tunafukuza ndege kwenye uwele. Rudi baada ya mavuno. Ila usihesabu watu, utatuulia watoto. Hesabu meko. Kila jiko lenye moto na mwenyewe, hiyo ni kaya moja."

Bwana Kefa akaona ni maneno ya busara. Akataja idadi ya meko anayoitaka, akaondoka na baiskeli yake.

Mzee Mughwai, mwenyekiti, akamgeukia Marietha taratibu. "Mama Gaspari, hao wengi wako wapi?"

"Wanakuja," akasema Marietha, wala hakujua watatokea wapi.

Walitokea Ulemo. Kila kiangazi alipita Unyamuri Zefania, Mnyiramba wa huko Ulemo aliyefiwa na mkewe, akiwa na punda wawili na magunia ya chumvi. Watu wa Unyamuri ni Wanyaturu, na Wanyaturu na Wanyiramba ni watani, na hawa wawili walikuwa wametaniana miaka mingi hata punda walishazoea. Marietha alipomweleza shida yake, Zefania alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Mtani, yaani umeishiwa watu kama mtu aliyeishiwa chumvi?"

"Niletee ndugu zako wakae mpaka tuhesabiwe. Kuku wapo, pombe ya mtama ipo. Na waje na mafiga yao. Wanawake wa Kinyiramba wasinichafulie jiko langu."

Zefania aliacha kucheka ghafla, akanyanyuka. "Na mafiga?"

"Na mafiga. Hukusikia? Chumvi imekuziba masikio."

Basi mavuno yalipokwisha, Unyamuri iliona ajabu. Katika nchi ambayo mawe ni mengi kuliko mbuzi, ulitokea msururu wa watu wanaimba, na kila mwanamke ana mawe ya jikoni kichwani, ameyatwika tangu Ulemo. Nyuma walikuja watoto, mbuzi, na Zefania na punda wake, nao wamebeba mafiga matatu. Watu wa Unyamuri walicheka, wakawacheka, wakacheka nao, kisha wakawagawia mahame, vibanda na kila pembe yenye paa. Zefania akatua mafiga yake uani kwa Marietha, karibu na zizi la mbuzi.

Asubuhi Bwana Kefa aliporudi, moshi ulifuka kila upande kama kijiji kizima kimeungua. Akapita jiko kwa jiko, akisalimiwa shikamoo na watoto aliowazidi kidogo tu. Mzee Mughwai alimfuata nyuma huku akidondosha punje za mtama mfukoni, punje moja kwa jiko moja, maana punje si mtu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Marietha. Kwa meko mawili ya uani kwake idadi ilitimia, bila hata moja la akiba.

"Na hili karibu na zizi ni la nani?" akauliza Bwana Kefa.

Zefania akanyanyuka, akajikung'uta magoti. Utani ulikuwa umempanda kichwani. "Ni langu. Ila mimi na mama huyu ni kaya moja. Huyu ni mke wangu."

Kicheko kilichokuwa kinaanza kilikatika. Meko yamepungua moja. Mzee Mughwai alishika mfuko wake kama mtu aliyeibiwa. Marietha aliiona nyumba yake, na ule ukuta wenye alama za vidole vyake, na lori. Halafu akamwangalia yule mpumbavu na punda wake, na moyo ukamruka mruko ambao hakuutegemea.

"Ni kweli ni mume wangu," akasema kwa sauti ya juu. "Lakini nimemfukuza. Anapika peke yake pale zizini, na mimi napika hapa. Kaya mbili, Bwana, na nakuapia, hazitaungana maisha."

Bwana Kefa alicheka mpaka suruali ikakunjika. "Kaya mbili," akasema. Unyamuri ikabaki.

Siku iliyofuata Marietha aliwafungia wageni kuku wa njiani. Hakuna aliyeondoka. Ndipo Zefania alipomfafanulia, kwa upole, kwamba kwa watu wake mwanamke hutwika mafiga mara moja tu, anapohama moja kwa moja. Wao walidhani wamekaribishwa kuishi, na kwao mvua ilikuwa imewasusa mwaka wa pili. Marietha alikaa chini kwenye vumbi lile lile, akacheka mpaka machozi.

Wakaoana kabla ya masika. Lakini kiapo ni kiapo, na idadi haikuwa na akiba: aliendelea kupika kwake na Zefania kwake, kisha kila jioni mmoja wao akavuka ua na chungu chake, wakala pamoja.

Zefania alifariki akiwa mzee sana, na Unyamuri ya leo imejaa Wanyaturu na Wanyiramba wasiojua nani ni nani. Marietha bado anawasha meko mawili kila jioni. Wajukuu wakimwambia kuni zinaisha bure, anasema Bwana Kefa anaweza kurudi, halafu anavuka ua na chungu, anakaa karibu na zizi, anakula.