Breki ya Mashine ya Mwai

Mume wangu Ngatia ana kiburi kimoja tu, na kiburi hicho nusura kituletee maiti: hajawahi kumrudishia mtu mashine ikiwa mbovu. Miaka ishirini na sita anatengeneza pawasoo hapa Nyeri, ile misumeno ya injini ya kukatia miti, na nyingi zinazoletwa kwetu ni kuukuu kuliko watoto wetu. Spea zake zilishaacha kuja. Kwa hivyo Ngatia huchinja mashine zilizokufa: anatoa kabureta hapa, pistoni pale, nami nazipanga kwenye mikebe.

Wenye mashine hawatuamini, na siwalaumu. Kila mmoja huchukua msumari akakwaruza alama yake kwenye spea za ndani, ili fundi asimbadilishie.

Mashine moja tu haikuwa ikiguswa. Ilikuwa ya Mwai, mteja wetu wa tangu zamani. Mwaka juzi ilimrukia usoni akikata mti huko Ihururu, mnyororo ukaendelea kuzunguka, na hospitalini hakufika. Mjane wake, Wamucii, alituletea akasema hataki kuiona tena. Watu walisema Mwai alikuwa na haraka. Ngatia aliifunika gunia, kwa sababu mashine iliyoua mtu haitolewi spea. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini mafundi wote wa huku wanaijua.

Basi wiki jana Peterson, aliyekuwa akikata miti pamoja na Mwai, akaleta ya kwake, ya aina ile ile. Utepe wa breki ulikuwa umekatika. Huo ni ukanda wa chuma unaobana ngoma inayozungusha mnyororo, ili msumeno ukimrukia mtu, mnyororo usimame papo hapo. Ngatia aliutafuta madukani Karatina, akafika mpaka Kutus. Abdishakur wa Nanyuki, ambaye kwake hakukosekani kitu, alimwambia kwa simu asahau. Hata hivyo alimtumia utepe wa China, nao haukukaa sawasawa. Huku Peterson anapiga simu asubuhi na jioni: ana miti ya kukata huko Kiganjo, na mwenye shamba amechoka kungoja.

Jumatano jioni nikamwona mume wangu akilitoa lile gunia. Akaniangalia, nikamwangalia, halafu mimi nikaendelea kupanga nati. Nina mdomo wa kusema mambo yote ya duniani, na siku hiyo nilinyamaza. Aliuosha utepe kwa petroli, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akaufunga kwenye mashine ya Peterson.

Asubuhi yake Peterson alikuja, akaichukua mashine, akaondoka akipiga mluzi. Saa nne hivi Ngatia akaenda kuifunika tena ile ya Mwai, akakawia. Aliponiita, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa. Alinionyesha ngoma. Ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua kikapoteza nguvu. Breki ya Mwai ilikuwa ikiteleza na kuungua kwa muda mrefu kabla ya siku ile. Utepe nao ulikuwa na rangi hiyo, akasema, lakini yeye alidhani ni uchafu wa oili, akausugua.

"Mama Watiri," akaniambia, "Mwai hakuwa na haraka."

Tulimpigia Peterson simu, haikushikwa. Mtu anayekata mti hasikii simu. Tukapanda bodaboda moja sote wawili, tukashika njia ya Kiganjo. Nilimfikiria mke wa Peterson, Nyawira, na jinsi nitakavyoanza kumwambia. Sikupata hata neno la kwanza.

Tulipofika kwenye shamba nikategea sikio. Pawasoo husikika kutoka mbali sana. Palikuwa kimya. Ngatia alianza kukimbia, yeye mwenye goti bovu, nami nikabaki nimeshika nguzo ya geti. Niliogopa kuona. Halafu nikaogopa zaidi kubaki pale peke yangu, nikamfuata.

Mikaratusi miwili ilikuwa chini tayari. Peterson alikuwa ameketi juu ya gogo, chupa ya chai kando, mashine magotini, kifuniko kimefunguliwa, msumari mkononi. Alikuwa amekumbuka wakati wa chai kwamba hajaweka alama yake. Alipofungua, alikuta kwenye utepe alama ya mtu mwingine iliyopona msasa: mikwaruzo mitatu na mmoja wa kuikata.

"Hii alama naijua," akasema. "Fundi, hii ni ya Mwai?"

"Ni yake."

"Na iko sawa?"

Ngatia aliichukua mashine. Aliutoa utepe, akaukunja kidogo kwa vidole gumba. Ulivunjika vipande viwili, bila hata kelele.

Peterson aliviangalia vile vipande. Akasema amekata miti miwili na kitu hicho, na kwenye mti wa pili mashine nusura imrukie. Akaisukuma chupa kando kwa buti, chai ikamwagika. Nilitamani atutukane. Ngatia aliomba msamaha, nami nikaomba, kwa sababu niliona na nikanyamaza. Tukafikiri yamekwisha.

Kisha Peterson akainua kichwa.

"Mzee, Mwai alikuwa anapeleka mashine yake wapi?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mji mzima unajua.

"Kwangu," Ngatia akasema. "Kwangu tu."

Kesho tunakwenda kwa Wamucii kumwambia kwamba breki ile ilitoka mikononi mwetu. Vipande viwili viko kwenye mfuko wa shati la Ngatia, na tangu jana hajala. Kule Kiganjo niliogopa kumkuta mtu amekufa. Sasa naogopa kugonga mlango wa mwanamke ambaye, mwaka wa pili huu, anaambiwa mume wake alijiua kwa haraka zake.