Mwimbaji wa Akida

Nilikuwa natwanga uwele jirani yangu alipoingia mbio. "Dada, yule mwimbaji wa zeze amekuja! Yuko uwanjani kwa akida, anaita watu wacheze. Bure!"

Mume wangu akasimama papo hapo. Zamani, mwimbaji huyo alipoongoza nyimbo za kupalilia mashambani, yeye ndiye aliyekuwa mwitikiaji wake, na kwetu Ugogo kumwacha mwimbaji aite asiitikiwe ni aibu kubwa kuliko kutomwamkia mkwe.

"Tangu lini akida huyu, mtawala wa Wajerumani, akatupa ngoma bure," nikamwuliza, "tena wakati huu wa vita?"

"Ananiita, mke wangu. Nisimwitikie?"

"Mwitikie ukiwa ndani." Nikaketi mlangoni, mchi mapajani.

Akaitikia kwa sauti ndogo, uso ukielekea ukutani. Wimbo wa tatu ulikatika katikati, tukasikia filimbi za askari. Wanaume waliokwenda kucheza walifungwa kamba, wakapelekwa kubeba mizigo ya vita. Mume wa jirani yangu alikuwamo. Mwimbaji naye, alipokwisha kuwaita wenziwe, alitwishwa sanduku la risasi.

Watu husema sauti nzuri haimlazi mtu njaa. Huyu, sauti yake ilimtoa shambani, ikampandisha kuongoza nyimbo za vibarua wa reli, ikampandisha tena kwa akida. Cheo kilichofuata kilikuwa mzigo.

Jioni nilipakua ugali na mlenda, nikamwita na jirani aje ale pamoja na wanawe wawili. Nikahesabu vichwa. Wa kwangu wote walikuwapo.