Mdogo Wangu Kaokoa Mayai ya Mama, Mimi Nimenuna

Wasee, leo nimemwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na bado haujaisha.

Mama anatotolesha vifaranga hapa kwetu Majengo. Mashine nilimuundia mimi: balbu, kipima joto na chipu ya kuwasha na kuzima hiyo balbu. Wiki nzima chipu imekuwa ikipata umeme kwa laptopu yangu, bila shida.

Leo nikaihamishia kwa chaja ya simu.

Kioo cha kuonyesha joto kikaruka hadi nyuzi arobaini na moja, balbu ikazima. Baadaye kikarudi thelathini na saba, joto linalotakiwa, nikatulia.

Mama akagusa mayai. "Mbona yamepoa?"

"Mama, kioo kinasema joto liko sawa."

Nikabadilisha kipima joto. Ikawa vilevile.

Ndio Zuhura, huyo mdogo wangu, akaja. Huyu mimi ndiye nilimfundisha hata kuunga waya. Akapima chaja: badala ya volti tano, inatoa nne na nusu.

"Dada, chipu inalinganisha joto na umeme inaopata," akasema polepole. "Umeme ukishuka, inadhani joto limepanda."

Akabadilisha mstari mmoja wa programu, chipu ilinganishe na kipimo chake cha ndani kisichoyumba.

Kioo kikasema thelathini na tatu, joto la kweli. Balbu ikawaka.

Mama akamkumbatia. "Kuanzia leo mashine ataiangalia Zuhura."

Mashine yangu, jameni.

Nilimwambia asante, lakini nilikuwa naangalia ukuta.

Ni mimi tu, ama nanyi mmewahi kupitwa na mtu mliyemfundisha, tena mbele ya mama yenu?