Kopo la Majivu ya Shangazi

Hadi leo nikisikia sufuria ikisuguliwa, hunijia harufu ya limau na makumbi ya nazi yaliyoroweka, nikajiona tena kwenye fleti yetu ya Michenzani. Ilikuwa Shaaban, na bibi, mama yake baba, alikuwa na desturi ya kung'arisha vyombo vyote kabla ya Ramadhani. Shangazi Zuhura, mwanawe wa mwisho, alikuwa amerudi kutoka bara na kopo la majivu ya mlima wa volkano. Alisomea miamba, na utafiti wake ulihusu radi zinazopiga ndani ya moshi wa milima hiyo. Alinieleza kwamba chembe za majivu husuguana angani mpaka zikazaa umeme, bila hata tone la mvua. Mimi nilimsikiliza kinywa wazi, lakini bibi alitishika. "Wallahi hurudi tena huko!" aliapa. Shangazi hakubisha, maana kopo lile lingemtosha kwa majaribio yote.

Kwa heshima ya mama yake, aliliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo bibi alizisoma vizuri: "Majivu". Bibi akasoma, akafurahi, akayasugulia vyombo. Niliporudi kutoka skuli kopo lilikuwa tupu, na sufuria kubwa ya pilau imejaa mikwaruzo.

"Zuhura, majivu gani haya yanayokwaruza kama misumari?"

"Mama, si ya kuni hayo. Ni mawe na kioo kilichosagika."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilidhani shangazi atafoka. Machozi yalimtoka, kweli, lakini aliipeleka sufuria dirishani, akaniita. "Tazama. Chembe zikikwaruza hivi mkononi mwa bibi yako, huko angani zinagombana vipi?" Utafiti wake ulikuwa umekwenda na maji machafu, naye bado anastaajabu! Nilimpenda siku ile kupita kiasi.

Baada ya alasiri bibi alimwita.

"Naam, mama."

"Kiapo changu nnakivunja. Kafara yake, saumu ya siku tatu, ntaifunga mwenyewe. We nenda kachukue mengine."

Na kweli alifunga, huku midomo ikimkauka kwa hofu zaidi kuliko kwa kiu, na shangazi akapanda mlima.

Siku hizi shangazi ni mhadhiri, na wanangu hapa Mpendae huzitazama radi za volkano kwenye simu, kisha wakahamia katuni. Siwalaumu. Bibi ametangulia mbele ya haki, na sufuria nimerithi mimi. Kila Shaaban naiosha kwa sabuni na kitambaa laini, nisije nikaifuta mikwaruzo yake.